Damu ya Ujombani

Sagalla,
11 Februari 2024

Kwako mpwa wangu Wakesho,

Baridi ya Nairobi inakutendeaje? Kile kikohozi ulichoondoka nacho Krismasi kimekuachilia? Sisi huku tuko wima, ingawa wima wangu ni wa mtu aliyeegemea ukuta. Anti yako Teresia ni mzima na anakusalimu. Mvua imetupita ikaenda kunyeshea watu wengine. Ndovu walikuja juzi wakafika kwenye ua wa mizinga, nyuki wakawatolea maneno makali, wakageuza. Hiyo ndiyo habari njema.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huniuliza, "Uko sawa, Mjomba?" nami hujibu "niko sawa" kabla sijajiuliza. Karatasi haina haraka. Kesho nitashuka Voi niikabidhi ofisi ya basi.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikuwa naning'iniza mzinga mpya, kifua kikanibana kama punda aliyekazwa mkanda wa tandiko. Jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikakaa chini mpaka kukapita. Kuliporudi mara ya pili Teresia aliita bodaboda, tukashuka hospitali ya Voi. Daktari aliyetupokea anaitwa Mwendwa, binti mpole mwenye macho yasiyokosa kitu. Alinipima moyo kwa ile mashine yenye waya nyingi, kisha akaniambia, "Mzee, mshipa unaoulisha moyo wako umekuwa mwembamba. Itabidi uende Mombasa ukapigwe picha, na huenda ukawekewa stenti. Ni kijiwavu cha chuma kinachoushikilia mshipa usijifunge. Damu ikija kuganda hapo kwenye wembamba, moyo utakosa chakula."

Akanipa aspirini, akanitoa damu kidogo ya kupima, tukarudi nyumbani. Kulipokucha, mkono waliotoboa ulikuwa zambarau kutoka kwenye kiwiko mpaka pale pa kuvalia saa. Teresia akapiga yowe, tukashuka tena. Daktari Mwendwa aliuangalia ule mkono, akaubonyeza hapa na pale, akauliza, "Hii imewahi kukutokea?"

Nikacheka. "Daktari, hii ndiyo kawaida yangu. Mimi nikijikata na waya wa mzinga hutoka damu mpaka kuku huja kutazama."

Yeye hakucheka. Aliweka kando karatasi yangu ya kwenda Mombasa, akasema tungoje kwanza.

Sasa niambie, wewe unayeishi na damu za watu kwenye chupa za maabara. Inawezekanaje mtu ambaye damu yake haijui kusimama aambiwe kwamba itasimama mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni moyoni? Usidhani nauliza kwa hofu. Au niseme hofu ipo, lakini udadisi umeketi mbele yake.

Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Sylus


Nairobi,
19 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Pokea heshima zangu, wewe na Anti. Kikohozi kimeisha. Kazi ipo, afya ipo, na usingizi ulikuwepo mpaka barua yako ilipofika. Kifua chako kiko vipi leo? Na mkono? Tafadhali, mizinga iangaliwe na mtu mwingine kwa sasa. Nyuki hawatakusahau.

Swali lako nimelipeleka kazini, tumekaa nalo maabara nzima tukinywa chai. Nakujibu nijuavyo.

Kinachoubana mshipa wa moyo kwanza si damu. Ni mafuta yaliyojishindilia ukutani mwake mwaka baada ya mwaka, kama maji ya chumvi ya hapo Voi yanavyolijaza bomba ukoko. Damu iwe nzito au nyepesi, ukoko hauna habari nayo. Lakini siku ukoko huo ukipasuka, mwili hudhani umepata kidonda, na damu hukimbilia kuziba. Hata damu mvivu kama yako hukimbia, ila kwa mwendo wake.

Sasa ona shida waliyo nayo madaktari. Kile kijiwavu ni chuma, na damu haikiamini chuma. Ikikiona tu hutaka kukigandia. Kwa hiyo wakati wa kukipitisha mgonjwa hupewa dawa ya kulegeza damu, na baadaye humeza vidonge mpaka ngozi ya ndani ya mshipa ikifunike. Mtu mwingine akipewa dawa hizo, ni sawa. Kukupa wewe, Mjomba, ni kama kumpa dawa ya usingizi dereva anayesinzia. Na kutokupa ni kukiacha chuma uchi katikati ya moyo wako. Nadhani ndiyo maana daktari wako aliweka karatasi kando. Mshukuru.

Kugandisha damu kuna mafundi wawili. Wa kwanza ni vijichembe vidogo vinavyokimbilia tundu na kujibandika. Wa pili ni protini nyingi zinazosukana kuwa nyuzi, zikafunga kazi ya wa kwanza isibomoke. Lazima tujue kwako nani ametoroka. Mwombe Daktari Mwendwa atutumie damu yako huku, ikiwa kwenye barafu.

Na unijibu haya. Uliwahi kung'olewa jino? Ulipotahiriwa ilikuwaje? Kuna nani mwingine kwetu aliyekuwa hivyo? Marehemu Mama alikuwa akichubuka ovyo, nakumbuka, lakini tulisema ni ngozi laini.

Kuhusu aspirini, muulize daktari, si mimi. Mimi naijua damu ikishatoka kwa mtu.

Mpwa wako,
Wakesho


Sagalla,
27 Februari 2024

Mpwa wangu,

Salamu za nyumbani zikufikie ukiwa na nguvu. Mimi kifua kinakuja na kwenda kama mgeni asiye na kazi. Mkono umegeuka kijani, sasa unaelekea manjano. Daktari amenisimamishia aspirini mpaka majibu yaje. Damu ametoa jana, akanikandamiza yeye mwenyewe mpaka kidole chake kikachoka.

Barua yako niliisoma, nikamsomea Teresia, nikaisoma tena. Hao mafundi wawili nimewaelewa. Nyuki wangu pia hufanya hivyo: mzinga ukipata ufa wengine hujazana hapo kwa miili yao, kisha huja wa gundi wakapaka. Wa gundi wasipokuja, wale wa kwanza huchoka wakaondoka, na upepo ukaingia. Nadhani kwangu ni wa gundi waliokosekana. Ukinicheka nitajua.

Sasa majibu. Jino niling'olewa moja maishani, Wundanyi, nikiwa darasa la saba. Shimo lilivuja mpaka bibi yako akanijazia masizi na utando wa buibui. Nilirudi shule nikiwa nimekonda mpaka mwalimu akauliza huyu ni nani.

La kutahiriwa ni zito zaidi. Sikuwa peke yangu. Mdogo wangu Gibson tulikwenda naye siku moja. Humjui, hata mama yako hakupenda kumtaja. Kulikuwa na dresa mmoja Voi, yaani muuguzi wa kusafisha na kufunga vidonda, Mkamba aliyeitwa Ndambuki, mwenye kliniki ndogo karibu na reli. Wavulana wengi walipita mikononi mwake. Sisi wawili tulipita, tukarudi nyumbani tukivuja. Mimi niliacha. Gibson hakuacha. Baba alimbeba mgongoni kumrudisha Voi, na akafika na mwili.

Baba alisema kisu kilikuwa kichafu. Wengine walisema kilikuwa na zaidi ya uchafu, wakanong'ona uchawi. Watu walivunja ile kliniki, Ndambuki akahama na mkewe na binti yao. Jina lake halikutajwa tena kwetu. Umelisoma hapa kwa sababu umeuliza nani mwingine alikuwa hivyo, na nilipokuwa naandika nikajikuta nauliza mimi mwenyewe: alikuwa hivyo, au alifanywa hivyo?

Hilo sina wa kumuuliza ila wewe.

Mjomba wako,
Sylus


Nairobi,
16 Machi 2024

Mjomba wangu,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini unapumua vizuri na Anti anakulazimisha kukaa kivulini. Mimi ni mzima.

Sikucheki, Mjomba. Ni wa gundi.

Vijichembe vyako ni vingi na vyepesi kama inavyotakiwa. Lakini katika zile protini za kusuka nyuzi kuna moja, wataalamu huiita namba nane, na kwako ipo kidogo mno. Sikupima mimi, nilimwachia mwenzangu, nikasimama nyuma yake kama mtoto anayengoja chapati. Ugonjwa huu huitwa hemofilia, na wako ni ule mwepesi. Ndiyo maana umeishi nao mpaka mvi bila kuujua. Majibu tumemtumia Daktari Mwendwa, naye amekwisha kuzungumza na Mombasa.

Sasa sikiliza ajabu yake. Unarithiwa kupitia kwa mama. Mwanamke huubeba mara nyingi bila kuugua sana, na mtoto wake wa kiume akiupata ndiye anayevuja. Bibi alikupa wewe. Wanao wa kiume hawakuupata kwako wala hawatawapa watoto wao, na kwa kuwa hukuzaa binti, kwako umefika mwisho. Lakini dada yako huenda aliubeba, na binti ya dada yako huenda anaubeba. Hawa wa upande wa baba yangu hawana habari nao kabisa. Ni mali ya ujombani.

Kuhusu Gibson. Sikuwepo, na kisu hicho sikukiona. Siwezi kuapa kwamba kilikuwa kisafi. Lakini mtoto mwenye damu hii akikatwa bila kupewa namba nane huweza kuvuja mpaka akaisha, hata kama kisu kimetoka kwenye maji yanayochemka. Na wewe uliyekatwa na kisu hichohicho hukupata usaha wala homa. Uliniandikia kwamba ulivuja tu.

Nimekaa na hilo siku nzima.

Mombasa watakupa namba nane kwanza, kwa mshipa, wapandishe damu yako ifanane na ya watu. Halafu ndipo watailegeza kwa muda wa kazi. Inaonekana ni wazimu, kujaza na kumwaga. Lakini damu iliyojazwa wanaijua jinsi ya kuilegeza kwa kipimo. Damu isiyojulikana ndiyo inayowatia hofu.

Nenda, Mjomba. Uulize maswali yako yote, usimwonee mtu haya.

Mpwa wako,
Wakesho


Mombasa, wodini,
9 Aprili 2024

Wakesho mwanangu,

Pole na wasiwasi wa kunisubiri. Mimi ni mzima, na mkono ninaoandikia ni ule ambao hawakuugusa, kwa hiyo usinilaumu kwa mwandiko. Joto la huku linanikumbusha kwa nini wazee wetu walipanda mlimani. Umekula? Anti yako amefikia kwa binamu yake, na kila siku ananiletea uji kana kwamba hapa hakuna jiko.

Imefanyika. Nitakueleza yote, maana nilikuwa macho.

Kabla ya siku yenyewe walikuja wawili kusimama miguuni pa kitanda changu: daktari wa moyo, mrefu, mwenye haraka, na daktari wa damu anayeitwa Nthenya, mfupi, asiye na haraka hata kidogo. Walibishana kwa adabu.

Wa moyo akasema, "Nikishaweka chuma nataka vidonge viwili mwaka mzima."

Nthenya akasema, "Mwaka mzima utamwokoa moyo, umuue kwa kuvuja damu tumboni."

"Basi miezi sita."

"Nipe mwezi. Kisha tumwachie kimoja. Chuma cha siku hizi hufunikwa haraka."

Nikainua mkono kama mtoto shuleni. "Samahani, na mimi niko hapa. Huo mwezi mmoja, mnajuaje kama ngozi imekwisha kufunika?"

Wakatazamana. Nthenya akatabasamu. "Mzee, hatuchungulii. Tunajua kwa wengi waliotangulia. Lakini watu wa damu yako waliotangulia ni wachache, kwa hiyo tutakuwa tunakuangalia wewe."

Nilipenda jibu hilo. Lilikuwa la kweli.

Asubuhi ya kazi namba nane iliingia kwa dripu, kitu cheupe kisicho na ajabu yoyote ukikitazama. Walinipima, wakaridhika, wakanisukuma ndani. Hawakupitia kwenye paja kama nilivyosikia, walipitia hapa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu, alisema Nthenya, hapa nikivuja wataona na watakandamiza. Pajani damu inaweza kujificha tumboni bila kuaga. Kisha wakatia ile dawa ya kulegeza, na kila baada ya muda muuguzi alichukua tone, akalipima kwa kimashine, akataja nambari kwa sauti. Nikaona moyo wangu kwenye kioo, Wakesho. Ulikuwa kama mizizi iliyong'olewa ikakung'utwa udongo, na mmoja katika mizizi hiyo ulikuwa umebanwa kiuno kama siafu.

Nikauliza, "Ni pale?"

Daktari wa moyo akasema, "Ni pale. Usiongee sasa."

Kikapita kibofu kidogo kama puto, kimevishwa kile kijiwavu, kikavimba, nikabanwa kifua kidogo, kikanywea. Nilipotazama tena, kiuno cha siafu hakikuwepo. Nilitokwa na machozi, na sikuumwa popote.

Waliponivalisha bangili ya kukandamiza, mkono ulivimba kidogo. Muuguzi aliukazia macho mpaka ukatulia. Nikamuuliza bangili inajuaje kiasi cha kukaza. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni mgonjwa au mwanafunzi?"

Narudi nyumbani Ijumaa na vidonge vyangu viwili vya kuzuia damu kuganda, aspirini na mwenzake, na kingine cha kulinda tumbo.

Mjomba wako,
Sylus


Nairobi,
22 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Heshima zangu na furaha yangu yote. Unalala vizuri? Unapanda mlima bila kusimama? Anti amepumzika? Barua yako ya Mombasa nimewasomea wenzangu, sasa wanakuita Profesa.

Nina mawili. La kwanza ni langu. Nimepimwa, Mjomba, na mimi naubeba. Namba nane yangu iko chini, ndiyo maana huchubuka kama Mama. Nilidhani nitalia, sikulia. Mimi na mchumba wangu Vincent tunapanga harusi, na siku tukipata mtoto wa kiume atapimwa kwa damu ya kitovu kabla mtu hajamgusa kwa sindano wala wembe. Atakuwa wa kwanza kwetu kuanza maisha akijulikana.

La pili ni lako, nami naliandika kwa herufi kubwa: USIACHE VIDONGE KWA SHAURI LAKO. Utatoka damu puani au kwenye fizi, hiyo nina hakika. Ikitoka, nenda Voi. Ukiviacha ghafla kabla chuma hakijafunikwa, damu huweza kukigandia papo hapo, na hilo halina dalili ya kukungoja ushuke mlima. Damu ya pua tunaweza kuizuia. Hiyo nyingine sijui.

Nijibu ukiipata.

Mpwa wako,
Wakesho


Ujumbe wa simu, 6 Mei 2024

Mjomba habari za huko. Barua ilifika? Simu yako haipatikani, ya Anti inaita haishikwi. Nikumbuke kwa neno moja tu. Wakesho mpwa wako


Sagalla,
14 Mei 2024

Mpwa wangu Wakesho,

Nakuomba radhi kwa kimya. Niko hai, Teresia yuko hai, na simu yangu ilianguka kwenye tangi la maji wakati ule tulipokuwa hatuna nafasi ya kuitoa, na ya Teresia ilibaki nyumbani tulipokimbilia hospitali. Wewe umekuwaje? Najua umekuwaje.

Ilianza kanisani, katikati ya wimbo. Nilihisi joto mdomoni, nikadhani ni jasho. Mtu aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaona shati langu. Pua ilitoka, ikatoka, leso ya kwanza, ya pili, kanga ya Teresia. Ilipotulia nilikuwa mweupe kama unga, na Teresia alikwenda moja kwa moja chumbani, akachukua vile vidonge akavitupa chooni.

"Hivi ndivyo vinakuua," alisema.

Sikumzuia. Wakesho, mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuogopa damu. Nikajiambia moyo umeshatengenezwa, sasa tuiache damu ipumzike. Tukakaa hivyo, naye akinipikia maini na mboga, kila mmoja akiwa na amani yake ya uongo.

Barua yako ilikuwa imelala ofisi ya basi kwa sababu hakuna aliyeshuka Voi. Aliileta kijana wa bodaboda. Miwani yangu sikuiona, nikamwambia Teresia asome. Alisoma salamu, akasoma habari yako na Vincent, akapiga kigelegele kidogo. Akafika kwenye zile herufi kubwa. Alisoma neno la kwanza na la pili kwa sauti. Akamaliza kimoyomoyo.

Nikamuuliza, "Anasemaje?"

Alivaa viatu, akamwambia yule kijana asizime pikipiki, akaniambia, "Twende."

Njiani kifua kilinibana kidogo. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mshipa au ni yale maneno.

Daktari Mwendwa hakutukaripia. Alinipima moyo, akanipa kidonge kimoja pale pale huku akiwa na simu sikioni akiongea na Nthenya. Uamuzi ulikuwa huu: aspirini tuiage, kile kingine nisikiache, na namba nane iletwe kwa treni kutoka Mombasa ikiwa kwenye boksi la barafu. Ililetwa. Nililazwa, wakanipa, pua haijatoka tena. Wakanipiga picha ya moyo ile ya mawimbi, moyo unasukuma vizuri, dalili kwamba chuma hakijaziba.

Teresia alikuwa akiniangalia kitandani, akasema, "Ningekuua kwa upendo." Nikamwambia tulikuwa wawili.

Hongera kwa harusi. Na kuhusu kuubeba kwako, sina neno la hekima. Nilitaka kusema pole, kisha nikaona ingekuwa huruma ya bure, kwa kuwa wewe unakijua unachokibeba na bibi yako hakukijua.

Mjomba wako,
Sylus


Nairobi,
2 Juni 2024

Mjomba wangu,

Nakusalimu wewe na nakukumbatia Anti. Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni na mkoba bado begani. Sasa nimekaa. Kidonge unakimeza?

Nina swali, nalo halinitoki. Yule dresa, Ndambuki, aliacha mtu? Kwa sababu sisi tumejua, na wao hawajajua. Sijui kama ni kazi yetu. Nauliza tu.

Mpwa wako,
Wakesho


Sagalla,
18 Agosti 2024

Wakesho mwanangu,

Nyumbani kwema, na natumaini kwako pia hakuna anayelala na homa. Pua imetulia, kifua kimetulia, wiki jana nilipanda mpaka kwenye mizinga ya juu nikasimama mara moja tu, na hiyo ilikuwa kwa ajili ya kutazama.

Swali lako nililijibu kwa miguu. Niliuliza watu wa zamani wa Voi, mmoja akanielekeza Mwatate. Binti ya Ndambuki anaitwa Kaveke, ana duka la dawa za mifugo. Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta anamweleza mteja jinsi ya kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe, nikangoja zamu yangu kama mnunuzi.

"Karibu, mzee. Ni mbuzi au ng'ombe?"

"Naitwa Sylus, wa Sagalla. Mimi ni ndugu yake Gibson."

Aliweka chini chupa aliyoshika. Hakuniambia niketi. "Unataka nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yalinitoka. Nilimwambia tu kwamba damu yetu ina ugonjwa wa kuzaliwa, kwamba yangu imepimwa, kwamba mimi mwenyewe nusura nimfuate mdogo wangu kwa tundu la sindano. Nikamwonyesha kadi niliyopewa Mombasa ya kutembea nayo. Aliisoma pande zote mbili.

"Mna hakika?"

"Damu yangu wana hakika nayo. Ya Gibson haipo ya kupimwa. Lakini tulizaliwa na mama mmoja, tukakatwa siku moja, na wote wawili tulivuja bila kuoza."

Kisha akaongea akitazama rafu zake, si mimi. "Baba aliendelea kuchemsha vile visu mpaka alipokufa. Hakuwa na mgonjwa hata mmoja. Asubuhi anawasha jiko, anachemsha, anavipanga kwenye kitambaa, anaviangalia. Sisi tulidhani amerukwa na akili. Alikuwa anatafuta kosa lake."

Nilipokea kadi yangu, nikaitia mfukoni.

Akasema, "Mama yuko hai. Yuko hapo nyuma. Mwambie yeye."

Nyuma ya duka kuna ua mdogo, umepakana na kichochoro cha kwenda sokoni, na kilichotenganisha ni mabati tu. Bibi Mumbe alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua kunde. Mwili wake ni mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwamkia, nikamweleza kwa sauti ya kanisani. Aliendelea kuchambua.

Kaveke akasema, "Hasikii. Sema kwa nguvu."

Nikarudia kwa nguvu. Bibi aliinua uso, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nguvu zaidi," Kaveke akasema.

Basi nikasimama, Wakesho, nikavuta pumzi kwa kifua hiki kilichofunguliwa Mombasa, nikapaza sauti kama mtu anayefukuza ndovu. "Si kisu cha mumeo Ndambuki kilichomuua Gibson! Ni damu yetu! Ni damu ya kwetu!"

Upande wa pili wa mabati, kichochoro kilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akitangaza nyanya aliacha. Nikasikia mtu anauliza, "Nani huyo? Anasema Ndambuki gani?" na mwingine, mzee kwa sauti yake, akimjibu, "Yule dresa. Yule wa Voi."

Bibi Mumbe aliziacha kunde. Akapangusa mikono kwenye kanga yake.

"Nilijua," akasema. "Lakini sema tena."

Nikasema tena. Kila nilipofika mwisho alitikisa kichwa, akaelekeza kidole kule kwenye mabati, nami nikaanza upya.

Leo sauti imenikauka kabisa, ndiyo maana sikukupigia simu.

Mjomba wako,
Sylus